Je, wajua kwa nini kalamu ya tableti ya kuchorea haihitaji betri?

Ukifungua boksi la tableti ya kuchorea kwa mara ya kwanza, utaigeuzageuza kalamu ukitafuta mahali pa kuichajia. Hapapo. Tableti yenyewe, ile bapa nyeusi isiyo na skrini, ina tundu moja tu la waya wa kwenda kwenye kompyuta. Lakini ukiisogeza ncha karibu na bapa, hata kabla haijagusa, mshale wa kwenye skrini unaanza kuifuata. Umeme wa kalamu unatoka wapi?

Mimi hutumia kalamu hii kila siku kusafisha picha za harusi, na wengi huniuliza wanunue ipi kwa kuanzia. Huwa naanza na swali hilo la umeme, maana ukilielewa utajua kipi ulipie na kipi usihangaike nacho.

Chini ya uso wa tableti kumelazwa nyaya nyembamba, nyingine wima, nyingine mlalo. Nyaya hizo hutoa uga wa sumaku unaotikisika maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Ndani ya kalamu mna koili ya waya na kapasita, yaani kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi. Viwili hivyo vikiungana vina mtikisiko wao wa asili, kama bembea iliyofungwa kwenye mwembe. Ukimsukuma mtoto kwa mpigo unaolingana na bembea yenyewe, nguvu kidogo tu inatosha kumpeleka juu. Na ukiacha kusukuma, bembea haisimami papo hapo. Tableti nayo husukuma kidogo kwa uga wake, na hapo ndipo kalamu inapopata umeme, kisha hunyamaza na kusikiliza. Katika kimya hicho kalamu bado inabembea, na mtikisiko wake unarudi kwenye nyaya. Waya ulio karibu na ncha unaupokea kwa nguvu kuliko jirani zake, na kwa kulinganisha nguvu hizo tableti inajua ncha iko wapi. Kusukuma na kusikiliza huko hurudiwa haraka mno kiasi kwamba mkono hauoni pengo.

Na kukandamiza je? Badilisha urefu wa kamba, na mwendo wa bembea hubadilika. Unapokandamiza ncha, kipande kidogo ndani ya kalamu husogea, na kasi ya mtikisiko hubadilika kidogo. Tableti inasoma badiliko hilo, na programu inaligeuza kuwa wino mwepesi au mzito.

Hapo ndipo kalamu inapokishinda kipanya. Chukua picha ya bibi harusi ambaye taa ya ukumbini imempiga kwenye paji la uso. Ukipunguza mng'ao ule kwa kipanya, kila mbofyo unatoka na nguvu ileile, na ngozi inabaki na madoa yenye kingo. Kwa kalamu unapapasa, unaongeza kidogo karibu na nyusi, unaachia kuelekea kwenye nywele. Vivyo hivyo na vinywele vinavyochomoza pembeni mwa misuko: unywele hauna unene mmoja kutoka shina hadi ncha, na mkono unaoachia taratibu unauchora jinsi ulivyo.

Teknolojia hii ilienezwa na Wacom, kampuni ya Japani iliyoanzishwa mwaka 1983, nayo iliilinda kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiiige. Kwa muda mrefu kampuni zilizouza tableti za bei nafuu ziliweka betri kalamuni, na kalamu ikawa nene na nzito. Lakini hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tu. Kuanzia karibu 2017, XP-Pen na Huion zikaanza kuuza tableti ndogo za bei ya chini zenye kalamu isiyo na betri. Kwa hiyo anayeanza leo hana sababu ya kuchukua kalamu ya betri. Muulize muuzaji waziwazi, kwani matoleo ya zamani bado yapo rafuni na maboksi yake yanapendeza vilevile.

Namba itakayokukodolea macho kwenye boksi ni ya viwango vya mkandamizo. One by Wacom ina 2,048. Huion H640P na XP-Pen Star G640 zina 8,192. Namba hiyo isikubabaishe. Picha ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi, kwa hiyo hata 2,048 ni mara nane ya zinazoweza kuonekana. Jambo la maana zaidi mara nyingi halimo kwenye boksi: kalamu inaanza kuandika kwa mguso mwepesi kiasi gani? Dukani, omba iunganishwe, ushike kalamu kwa vidole viwili, uiburute kama vile uzito wake wenyewe ndio unaochora. Mstari ukikatikakatika, jaribu nyingine.

Kwa kazi ya picha, eneo la kuchorea la takriban inchi 6 kwa 4 linatosha, na hizo tatu nilizozitaja zote ziko hapo, kwa One by Wacom ile ndogo. Kubwa zaidi inamfaa mchoraji anayetumia mkono mzima kutoka begani. Ya skrini iache kwanza. Bei yake ni nyingine kabisa.

Ukinunua mtumba, kuwa mwangalifu sana. Kumbuka bembea: kalamu ya kampuni moja kwa kawaida haiitiki tableti ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja matoleo hutofautiana. Tableti iliyopoteza kalamu ni kibao cha kukatia vitunguu mpaka upate kalamu yake halisi. Kabla ya kulipa, uliza kama kalamu ya ziada inapatikana, na ncha pia, kwani ncha huliwa na uso wa tableti kama chaki inavyoliwa na ubao.

Ukifika nyumbani, ondoa draiva ya tableti ya zamani, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa tableti, kabla ya kuweka mpya. Zikiwa mbili hugombana. Kama mstari unatoka unene mmoja tu kwenye kompyuta ya Windows, tafuta kwenye mipangilio ya tableti mahali palipoandikwa Windows Ink, uwashe au uzime, kisha ujaribu tena. Huhitaji kununua programu: GIMP na Krita ni za bure na zote zinaisoma kalamu.

Kisha weka sarafu juu ya tableti, uizungushie kalamu taratibu, utazame skrini. Ukiona yai badala ya duara, umbo la eneo la tableti halilingani na la skrini yako. Fungua mipangilio, chagua kulinganisha uwiano, na kama una skrini mbili ielekeze kalamu kwenye moja tu. Rudia na sarafu ileile hadi duara litoke duara.