Ndimu kwanza, mimea baadaye

Nikiitwa nyumbani kwa mtu hapa Malindi nimtolee majani ya plastiki kwenye tangi la samaki nimwekee mimea hai, kitu cha kwanza ninachoomba ni ndimu. Wengi hudhani nina kiu. Mama mmoja wa Barani alinikamulia gilasi nzima, na sukari juu. "Kunywa mwanangu, jua kali leo." Nikanywa, nikashukuru, nikaomba kipande kingine. Nikachota mchanga wa tangini kijiko kimoja, nikaukausha kwa kitambaa, nikaukamulia ndimu. Ukachemka. Povu dogo jeupe, na ukitega sikio unausikia kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili.

Cha kusumbua mimea yake kilikuwa pale kwenye kijiko, si kwenye taa aliyoinunua kwa bei ya mbuzi.

Mchanga ule mweupe aliuzoa ufukweni, upande wa kusini kwenye matumbawe. Ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, ndiyo iliyotoa povu kwa ndimu. Maji huiyeyusha polepole, yakawa maji magumu, yale yanayokataa povu la sabuni, na pH (kipimo ambacho namba ndogo ni ukali wa ndimu, kubwa ni wa chokaa) ikapanda mpaka kwenye 8 hivi. Plastiki haijali. Mmea unajali, kwa sababu kwenye maji kama hayo madini ya chuma hujigandisha na mizizi ikashindwa kuyanyonya. Majani machanga hutoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu akiona manjano huongeza taa, na taa ikamlishia mwani tu.

Mimi natumia mchanga mnene wa mto Sabaki, ule ule wa mafundi wa ujenzi. Ninaonunua haujawahi kunitolea povu, ila kila mzigo naujaribu upya kwa ndimu. Uoshe mpaka maji yatoke safi. Ukifika ndoo ya kumi usikate tamaa, Sabaki ina tope.

Na maji yenyewe je? Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na hilo ulimi unatosha kukuambia. Chumvi ya kisima itaua karibu kila mmea utakaonunua. Maji ya mfereji yanatoka Baricho, kandokando ya Sabaki, na yanatiwa klorini; yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyamimina.

Sasa plastiki. Hapa ndipo nilipowahi kuaibika. Miaka ya mwanzo nilitoa plastiki yote ya mteja siku moja, nikasugua mawe, nikaosha sifongo ya kichungi kwa maji ya mfereji yaliyokuwa yananuka klorini, nikapanda mafungu sita ya mimea. Tangi liling'aa kama vitrini ya sonara. Siku ya nne samaki wote walikuwa juu wanahema. Nilichokifuta kama uchafu, ule utelezi ulioganda kwenye majani ya plastiki, ulikuwa makazi ya bakteria. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria hao huigeuza kuwa nitriti, sumu nayo, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia na mmea huila. Mmea uliokwisha shika mizizi hunyonya hata amonia yenyewe. Lakini mmea wa jana bado unaomboleza safari, haujaanza kula.

Kwa hiyo siku hizi natoa theluthi moja, napanda, nangoja wiki mbili, ndipo narudi. Sifongo naiosha ndani ya ndoo ya maji ya tangi lile lile. Mteja mwenye haraka namwambia atafute fundi mwingine.

Kwa kuanzia nachagua mimea isiyodeka. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, hustahimili maji magumu. Anubias na kangaga la Java hukua hata kwenye mwanga hafifu, ila shina lao linalolala usilizike mchangani, litaoza. Lifunge kwenye jiwe au gogo kwa mshipi mwembamba wa kuvulia. Mizizi itashika yenyewe. Yule mama alinipigia baada ya siku tisa: "Mwanangu, mbona majani yananifia?" Hayakuwa yanakufa. Mimea mingi ya dukani hukuzwa nje ya maji, na ikizamishwa hudondosha majani ya zamani iote mapya ya majini. Nilimwomba aondoe yaliyooza, asing'oe kitu.

Taa iwake jumla ya saa sita mpaka nane kwa siku, basi. Tangi lisikae dirishani likapigwa na jua.

Lipo jambo ambalo wauzaji hawalisemi: usiku mmea nao huvuta oksijeni kama samaki. Mwezi wa Machi maji ya tangi langu hufika nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika usiku, pampu ikazima, alfajiri utakuta midomo yote juu. Kaa na pampu ndogo ya betri, na usijaze samaki.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tusichukue nyasi za baharini za bure. Zile ni za maji ya chumvi, zitakufa, na ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, hairuhusiwi kung'oa kitu. Kinyume chake pia: ukipunguza mimea usitupe mtoni wala bwawani. Gugumaji tunajua lilivyowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria.

Mimi masalio nayaanika barazani mpaka yavunjike mkononi, kisha yanaingia kwenye makopo ya mrehani ya mke wangu. Maji ninayobadilisha kila wiki, robo ya tangi, yanakwenda huko huko.