Maji Yakiingia Ndani, Mfuko wa Dawa Usisahaulike

Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipotuingilia ndani huku Kisauni, Mombasa, sote tulikimbilia magodoro na vyeti vya watoto. Mfuko wa dawa za mamangu tuliukumbuka maji yakiwa magotini. Tangu hapo nimesikia mengi yanayosemwa kuhusu sukari na presha wakati wa janga, na mengine ni ya hatari.

"Stima ikipotea, insulini imeharibika, itupe."
Si kweli. Insulini ni dawa ya sukari ya kudungwa, na wanaoitupa hubaki bila dawa siku wanayoihitaji zaidi. Chupa ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishaanza kutumika hukaa nje karibu wiki nne, mradi isipigwe na jua. Ushahidi umetoka hapa hapa Kenya: shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la makazi katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kisha wakaijaribu insulini maabara kwa joto la namna hiyo. Matokeo ya 2021 yalionyesha kuwa iliyokaa wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu sawa na ile ya kwenye friji.

Mamangu huitia chupa kwenye kikopo chenye mfuniko, kikopo ndani ya chungu kidogo, nacho ndani ya chungu kikubwa. Katikati ya vyungu hujaza mchanga uliolowa, juu akafunika kitambaa kibichi, akaviweka kivulini penye upepo. Hewa ya Pwani ina unyevu, kwa hivyo chungu hakipoi kama kule bara kukavu, ila makali ya joto hupungua. Cha kuogopa ni ile barafu ya samaki: insulini ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka ukaiona safi.

"Wiki moja bila dawa haina neno."
Mtoto mwenye sukari ya aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini yake, akikosa insulini hata siku moja au mbili, damu yake huanza kujaa asidi, na anaweza kufa. Presha nayo hupanda kimyakimya. Zipo dawa za presha ambazo ukiziacha ghafla, presha hupanda kwa kishindo.

"Jirani naye ana presha, tugawane vidonge."
Huruma hii naielewa, lakini msifanye. Baadhi ya dawa za presha humbana kifua mtu mwenye pumu.

"Misaada ni unga na dawa ya kipindupindu tu."
Shirika la Afya Duniani lina shehena maalumu ya dawa na vifaa vya magonjwa sugu, iliyopangwa kwa mahitaji ya watu 10,000 kwa miezi mitatu. Ulizeni, tena mbele ya watu.

Baada ya mafuriko yale, kliniki moja ilimrudisha mamangu kwa kuwa kadi ililowa na majina ya dawa hayasomeki. Alilia njiani. Sasa picha ya kadi iko kwenye simu zetu sote watatu, na mfuko umetundikwa msumarini juu ya mlango: dawa za wiki mbili, mashine ya kupimia sukari, sindano, na pakiti ya glukosi ya kumpa sukari yake ikishuka.