"Inakatika, ongeza muda": dhana potofu kuhusu idhini ya pakiti moja

"Fundi, inakatika. Ongeza muda, mlango ukae wazi siku nzima." Ombi hili hurudi karibu kila seva ya ofisi inapowekewa idhini ya pakiti moja, yaani SPA (faiwoli huuficha mlango wa seva hadi ipokee pakiti moja ya siri, ndipo imfungulie aliyeituma kwa muda mfupi), iwe seva ya SACCOS pale Mwanga au ya wakala wa mizigo bandarini Kigoma. Nyuma ya ombi kuna imani kwamba faiwoli ikishafunguka, imemfungukia aliyebisha hodi peke yake, kwa hiyo hata ikikaa wazi hakuna neno. Si kweli. Hakuna dhana inayoharibu SPA kuliko hii.

Faiwoli haimjui mtu, inajua anwani ya IP. Fwknop, programu ya SPA, inapoikubali pakiti yako, inaongeza kanuni moja kwenye iptables, faiwoli ya Linux: anwani fulani iruhusiwe kufika poti 22 ya TCP, ile ya SSH ya kuingilia seva kutoka mbali, kwa sekunde 30, kama hukubadilisha kitu. Sasa jiulize anwani hiyo ni ya nani. Ukiwa umeunganisha laptopu kwenye simu, unatoka nje kupitia NAT (mtambo wa kubadili anwani) ya kampuni ya simu, na anwani moja ya umma hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Mlango uliofunguliwa kwa ajili yako umefunguliwa na kwa ajili yao. Ndivyo ilivyo pia kwa wageni wote wa Wi-Fi moja ya hoteli. Kwa sekunde 30 hatari ni ndogo. Ukiiacha saa nane nzima, umeirudisha SSH hadharani huku ukiamini imefichika.

Na kinachokata mawasiliano si ufupi wa muda. Sekunde 30 zikiisha, fwknop inafuta kanuni yake. Kama faiwoli haina kanuni nyingine inayoruhusu mawasiliano yaliyokwisha kuanza, pakiti zinazofuata zinatupwa na dirisha la SSH linaganda. Dawa ni mstari mmoja, uwe juu kabisa ya INPUT:

iptables -I INPUT 1 -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT

Ukiwa nao, sekunde 30 zinatosha kuunganisha, na ukishaunganisha unafanya kazi hadi jioni. Uhifadhi ili usipotee umeme ukikatika na seva kuwaka upya; kwenye Debian na Ubuntu, iptables-persistent inafanya kazi hiyo. Je, bado inaganda, lakini tu ukiiacha bila kuandika chochote kwa dakika kadhaa? Hiyo ni NAT ya njiani imekusahau. Weka ServerAliveInterval 60 upande wa laptopu. Muda wa faiwoli usiuguse.

Kwa kuwa anwani ni ya wengi, SPA haiondoi kazi ya sshd, programu ya SSH kwenye seva. SPA inaamua nani afike mlangoni, sshd inaamua nani aingie. Kwa hiyo PasswordAuthentication iwe no, kila mtu awe na ufunguo wake, na masasisho yaendelee. Mwaka 2024 ilitangazwa kasoro ya sshd iliyopewa namba CVE-2024-6387, ambayo mshambuliaji aliweza kuitumia kabla hata ya kuulizwa ufunguo. Seva yenye SPA ilikuwa na nafuu kubwa siku zile, maana asiye na idhini hakuifikia sshd kabisa. Mlango wa saa nane unaitupa nafuu hiyo.

Wanaojiandikia programu yao wenyewe ya SPA wana kosa la jamii hiyohiyo: kusoma anwani ya mtumaji kwenye kichwa cha pakiti. Anayekaa katikati anaweza kuizuia pakiti isifike, kisha akaituma mwenyewe, na mlango ukamfungukia yeye. Anwani inayoombewa ruhusa iwe ndani ya ujumbe uliosimbwa. Kwenye fwknop, weka REQUIRE_SOURCE_ADDRESS Y katika access.conf, na mteja atumie -R, ambayo huiuliza intaneti anwani yake ya umma, au -a kama anwani hiyo anaijua. Asitumie -s, inayotuma 0.0.0.0.

Wapo wanaosema SPA ni kule kubisha poti kwa zamu kulikopewa jina jipya. Hapana. Mbinu ile, iliyoelezwa na Martin Krzywinski mwaka 2003, hubisha poti kadhaa kwa mpangilio. Mpangilio wa kudumu unaonekana wazi kwa anayenusa mtandao, na pakiti zikifika shaghalabaghala haufanyi kazi. SPA ni pakiti moja iliyosimbwa na kutiwa HMAC, muhuri wa kuthibitisha kuwa haijachezewa.

Wengine huhofia: "Pakiti ikinaswa itarudiwa." Hapana. Kila pakiti ya fwknop ina tarakimu 16 za bahati nasibu, na seva inatunza heshi (alama fupi ya utambulisho) ya kila iliyokwisha kukubaliwa, ili isiikubali tena. Ukiandika yako, heshi zikae kwenye diski. Zikikaa kwenye kumbukumbu tu, seva ikizimwa na kuwashwa imesahau yote. Kinga ya pili ni saa: pakiti iliyopishana na saa ya seva kwa zaidi ya sekunde 120 hukataliwa. Hapa ndipo betri ndogo ya CR2032, inayotunza saa ya kompyuta, ikiwa imekufa inapowasumbua watu baada ya umeme kukatika. Weka chrony, programu ya kusawazisha saa, kwenye seva. Kwenye laptopu angalia pia ukanda wa saa, maana aliyeandika saa ya Afrika Mashariki huku kompyuta ikiwa kwenye UTC amepishana kwa sekunde 10,800.

Poti 62201 ya UDP, inakotumwa pakiti ya fwknop, haihitaji kufunguliwa kwenye seva, kwa sababu libpcap, maktaba ya kunusa pakiti, huiona pakiti kabla iptables haijaitupa. Ruta iliyo mbele ndiyo lazima iipeleke kwenye seva, pamoja na poti 22. Kama anwani ya WAN (upande wa intaneti) kwenye ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, uko nyuma ya NAT ya kampuni na hakuna pakiti itakayokufikia kutoka nje. Omba anwani ya umma kwanza.

Mwisho, angalia ip6tables, faiwoli ya IPv6. Ofisi nyingi hufunga IPv4 yote na kuiacha SSH wazi kwenye IPv6. Pima kutoka nje kwa nmap, programu ya kukagua poti, kisha pima tena kwa nmap -6.