Kususa si husuda: tunavyokosea kuhusu hisia kwenye vikao vya vikundi

Kikao kikishafunguliwa kwa dua, mwenyekiti husema neno lake la siku zote: hapa tunazungumza kazi, hasira kila mtu aache kwake. Hapa Zanzibar utalisikia kwenye vikundi vya kilimo cha mwani Paje na Jambiani, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, hata kwenye kamati za uvuvi za shehia, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha. Nia ni njema, ila neno lenyewe limejengwa juu ya dhana kwamba hisia zikitoka, akili inayobaki huamua vizuri zaidi.

Haiwi hivyo. Mwaka 1994 daktari wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio alieleza habari za mgonjwa aliyeondolewa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Alipopimwa, akili ilikuwa salama, kumbukumbu na lugha pia. Kilichopungua ni hisia. Aliweza kuchambua faida na hasara za jambo hata dogo kwa muda mrefu, lakini kuamua akashindwa, kazi ikampotea na ndoa ikavunjika.

Dhana iliyotuumiza zaidi ni ile ya kwamba anayesusa ana husuda. Mwani umeuzwa, fedha zimegawiwa, na mama mmoja ameona fungu lake halilingani na kazi aliyoifanya bamvua zima, siku zile maji yanapotoka sana. Anasusa, hata hicho kidogo hakichukui. Watu watasema ana husuda, tena hana akili, kwani kidogo si bora kuliko kukosa kabisa?

Swali hilohilo Wajerumani watatu, Werner Güth, Rolf Schmittberger na Bernd Schwarze, walilifanyia jaribio mwaka 1982. Mtu mmoja hupewa fedha na kupendekeza mgawo. Mwenziwe akikubali, kila mmoja huchukua chake. Akikataa, wote hukosa. Kwa hesabu tupu, wa pili angepokea hata senti. Lakini jaribio limerudiwa nchi nyingi tangu hapo, na mgawo ulio chini ya asilimia 20 hukataliwa mara nyingi. Mwaka 2003 Alan Sanfey na wenzake waliangalia ubongo wa wanaopewa mgawo wa namna hiyo, wakaona umeamka upande unaohusika na kinyaa. Tena mgawo uleule watu waliukataa zaidi ulipotoka kwa binadamu kuliko ulipotoka kwenye kompyuta. Kiasi kilikuwa kimoja; kilichowachoma ni kuonewa na mtu mwenzao.

Kwa hiyo mama aliyesusa ana habari ambayo huenda daftari la mweka hazina halina. Mimi naona tunamdhulumu mara mbili tunapomtumia wazee wakamtulize kabla hatujalifungua daftari lenyewe mbele yake. Na kilimo hiki cha mwani, kilichoanza kwa biashara huku mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kimebebwa na wanawake. Kuwaambia watulie ni kuwaambia wapokee walichopangiwa.

Wapo pia wanaosema watu wa chama fulani hawashirikiani, ndiyo tabia yao. Visiwa hivi vina jibu. Novemba 2009 Amani Abeid Karume wa CCM, Rais wa Zanzibar wakati huo, na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF walikutana Ikulu baada ya miaka mingi ya uhasama, na Julai 31, 2010 kura ya maoni ikapitisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa takriban asilimia 66. Watu walikuwa walewale. Mtazamo ndio uliobadilika.

Kuhusu faini za vikundini, husemwa kwamba zinavunja undugu. Ernst Fehr na Simon Gächter walionesha mwaka 2002 kwamba watu wako tayari kutoa fedha zao wenyewe kumwadhibu anayekula jasho la wenziwe, na hasira ndiyo inayowasukuma. Pale adhabu ilipoondolewa, michango ilishuka. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi 2009, alikuta jamii zinazotunza mali zao za pamoja kwa muda mrefu huanza na adhabu ndogo, kisha hupanda kwa anayerudia.

Limebaki la ukimya. Kamati ikiamua kufunga mwamba, yaani watu wasivue hapo kwa muda ili pweza wakue, kama inavyofanyika Kisiwa Panza kule Pemba, wanaozamia husema sana, na wanawake wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka hukaa nyuma kimya. Huandikwa: wote wamekubali. Huenda ni kuona haya tu, au heshima kwa sheha. Solomon Asch alionesha miaka ya 1950 kwamba wengi hulifuata kundi, walau mara moja, hata kwenye jibu wanaloliona kwa macho kuwa si sahihi. Lakini akitokea mmoja tu wa kusema tofauti, kufuata kundi hupungua sana. Basi wanaochokoa kwa miguu waulizwe mwanzo, peke yao ikibidi, na sheha aseme mwisho.