Je, wajua kwanini kampuni kubwa hazitaki hata kusoma wazo lako?

Mwaka 2016 mteja mmoja wa siku nyingi wa AT&T, kampuni ya simu ya Marekani, alimwandikia imeli bosi mkuu wa kampuni wakati huo, Randall Stephenson, akampa mawazo mawili tu: wateja wanaotumia intaneti ya DSL (ile inayopita kwenye waya wa simu ya mezani) wapewe data isiyo na kikomo, na vile vifurushi vya meseji vya zamani virudishwe. Alichotaka ni huduma iwe nzuri basi. Jibu likaja, ila halikutoka kwa Stephenson wala kastoma kea, lilitoka kwa mkuu wa wanasheria wa mali bunifu wa kampuni, anamwambia AT&T ina sera ya kutopokea mawazo ambayo haijayaomba, kwahiyo kwa heshima wanakataa kulifikiria pendekezo lake. Gazeti la Los Angeles Times likaitoa hiyo habari, watu wakawaka kwelikweli, na John Legere aliyekuwa bosi wa T-Mobile, wapinzani wao, akafungua anwani maalum ya imeli ili wateja wa AT&T wapeleke mawazo yao kwake.

Ukisoma juu juu unaona ni dharau. Mteja analipa kila mwezi, anajitolea kufikiria kwa niaba yenu, mnamjibu kwa mwanasheria? Lakini hii sera sio ya AT&T peke yao. Disney wanayo, Apple wanayo, kampuni nyingi sana za midoli, filamu, magari na programu wanayo. Ya Apple ipo wazi kwenye tovuti yao mtu yeyote anaweza kuisoma, inasema tafadhali usitutumie mawazo, na kama utatuma licha ya kukuomba usitume basi ujue linakuwa mali ya Apple, hulipwi chochote, hawana wajibu wa kulisoma na hawana wajibu wa kulifanya siri. Na mwaka 2006 binti wa miaka 9 aliwaandikia Apple mapendekezo ya kuboresha iPod nano, kifaa chao kidogo cha kusikilizia muziki, mojawapo lilikuwa maneno ya nyimbo yaonekane kwenye kioo ili watu waimbe pamoja, naye akajibiwa kwa barua ya idara ya sheria kwamba hawapokei mawazo.

Sasa kwanini kampuni yenye hela zote hizo imuogope mtoto wa miaka 9?

Wanachokiogopa ni ushahidi kwamba walilisoma. Hapo ndo kwenye kiini cha jambo lote, na ukishapaelewa mengine yote yanafunguka yenyewe.

Chukulia kampuni yoyote ya simu. Mwezi wa kwanza timu yao ya ndani inaanza kimya kimya kutengeneza huduma ya bando lililobaki kuhamia mwezi unaofuata, hakuna mtu wa nje anayejua. Mwezi wa sita wewe umekasirika bando lako la GB 10 limeisha muda likiwa na GB 4 ndani, unaandika imeli ndefu, jamani mbona msifanye hivi na hivi, lililobaki lihame, mtu alipie kidogo. Kijana wa kastoma kea mwenye adabu anakujibu "asante sana, wazo zuri, nimelifikisha kwa wahusika". Mwezi wa kumi na mbili huduma inatangazwa, mabango barabarani kila kona. Wewe utasema nini? Utasema wameniibia, na utakuwa unaamini kabisa moyoni mwako maana una imeli yenye tarehe, una jibu lao linalosema limefika kwa wahusika, na miezi sita baadae kitu chako kiko sokoni. Kwa upande wako huo ni wizi wa wazi, na mtu yeyote utakayemuonyesha hizo imeli atakubaliana na wewe.

Kampuni sasa ndo inabidi ithibitishe kwamba walianza mwezi wa kwanza. Watafute kumbukumbu za vikao, imeli za ndani, michoro ya mwanzo, waajiriwa walioshaondoka waitwe kutoa ushahidi, na wakili analipwa kwa saa. Hata wakishinda, wametumia hela nyingi kuliko ambazo wazo lenyewe lingewaingizia. Na kampuni yenye wateja milioni 50 itapata wazo hilohilo la bando kuhama kutoka kwa maelfu ya watu, kila mmoja akiamini ni lake peke yake. Lile jibu la "nimelifikisha kwa wahusika" ambalo sisi tunaliona la kiungwana, kwa mwanasheria ndo sentensi inayomnyima usingizi. Ndo maana kwenye kampuni nyingi za hivi barua yenye wazo inafunguliwa na mtu asiyehusika kabisa na utengenezaji, akigundua tu ni wazo anaacha kusoma, inarudishwa au inaenda idara ya sheria, na mainjinia wanaambiwa kabisa msiguse.

Hapa kuna mtu atauliza, lakini si tunaambiwa wazo halina hakimiliki? Kweli kabisa. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambao Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo, unasema hakimiliki inalinda namna kitu kilivyoelezwa na sio wazo lenyewe. Ukiandika riwaya ya mvuvi anayepotea baharini, riwaya ni yako, ila wazo la mvuvi kupotea baharini ni la kila mtu. Tatizo ni kwamba hakimiliki sio mlango pekee wa kuingilia mahakamani, kuna mlango wa mkataba, na mkataba sio lazima uandikwe wala usainiwe.

Kesi iliyoufungua huo mlango Marekani ilitokea Hollywood. Novemba 1949 jamaa mmoja anaitwa Victor Desny alipiga simu ofisi ya Billy Wilder, muongozaji mkubwa wa filamu pale Paramount. Akapokewa na katibu muhtasi. Desny akaeleza ana hadithi ya filamu kuhusu Floyd Collins, yule mtu aliyenaswa ndani ya pango kule Kentucky mwaka 1925 nchi nzima ikawa inafuatilia kama ataokolewa. Katibu akamwambia hadithi yako ni ndefu, bosi hawezi kuisoma yote, ifupishe. Siku mbili baadae Desny akapiga tena akiwa na muhtasari wa kurasa chache, akausoma kwenye simu, katibu anaandika kwa hatimkato, na Desny akasema wazi kwamba wakiitumia anataka alipwe. 1951 Wilder akatoa filamu ya mtu aliyenaswa pangoni. Desny akashtaki.

Kwa hakimiliki alikuwa hana kitu, maana habari ya Collins ilikuwa tukio la kweli lililoandikwa na magazeti yote. Lakini mwaka 1956 Mahakama ya Juu ya California ikasema kesi isikilizwe, kwa sababu mtu akikupa wazo kwa sharti la kulipwa, na wewe ukalipokea ukijua hilo sharti, ukalitumia, mwenendo wenu tu unaweza kuwa mkataba. Hakuna karatasi, hakuna saini, simu moja kwa katibu muhtasi inatosha kukupeleka mahakamani. Mwisho wakamalizana kwa malipo. Majaji haohao walisema pia kwamba anayeropoka wazo lake kabla ya kupatana bei asimlaumu mtu, na hilo watu wengi wanalisahau. Kwahiyo sio kwamba kila anayetuma wazo analindwa, ila tangu hapo hakuna kampuni inayoweza kusema kwa uhakika kwamba kupokea tu simu hakuna madhara.

Kuna nyingine iliyowauma zaidi. Jamaa wawili wa Michigan walikuwa na katuni ya mbwa mdogo wa chihuahua mwenye kisirani. Juni 1996 wakaipeleka kwenye maonyesho ya biashara New York, watu wa Taco Bell, kampuni ya migahawa ya Marekani, wakaipenda, mazungumzo yakaendelea karibu mwaka mzima kuhusu kuitumia kwenye matangazo, halafu kimya. 1997 Taco Bell wakatoka na tangazo la chihuahua anayeongea, lililotengenezwa na wakala mwingine kabisa wa matangazo, na likapata umaarufu wa ajabu. Utetezi wa Taco Bell ulikuwa kwamba wale mawakala walimbuni mbwa wao wenyewe. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama likawapa wale jamaa dola milioni 30.1, jaji akaongeza riba ikafika kama milioni 42. Taco Bell wakajaribu kuwageuzia mzigo wale mawakala, na mwaka 2009 wakashindwa hapo pia. Sasa fikiria wewe ni mwanasheria wa kampuni ya chakula umesoma hiyo hukumu asubuhi, na mchana mtu wa masoko anakuletea barua ya mteja mwenye wazo la tangazo. Utamwambia nini zaidi ya kuirudisha?

Huku kwetu Afrika kesi ambayo kila mtu wa simu anaijua ni ya "please call me", zile meseji za bure za kumwambia mtu tafadhali nipigie sina salio. Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi Vodacom Afrika Kusini, mpenzi wake anasoma mbali hana vocha ya kumpigia, ndo wazo likamjia. Mwaka 2000 akaliandika, akaelekezwa kwa mkurugenzi wa bidhaa, akaahidiwa kwa mdomo kwamba likifanya kazi atalipwa. 2001 huduma ikatoka ikawa moto. Hela hakuona. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasema ile ahadi ya mdomo inaifunga kampuni, mjadiliane malipo. Vodacom wakampa randi milioni 47, akakataa, kesi zikaendelea kupanda na kushuka mahakamani mpaka wakamalizana nje ya mahakama mwishoni mwa 2025. Miaka 25 toka wazo liandikwe! Makate alikuwa mfanyakazi sio mteja, hiyo ni tofauti kubwa, na mimi naona alistahili kulipwa toka mwanzo. Lakini ona jinsi ahadi moja ya mkurugenzi mmoja ilivyoishikilia kampuni nzima robo karne. Kenya nako mwaka 2012 Faulu, taasisi ya mikopo midogo, waliwapeleka Safaricom mahakamani wakidai M-Shwari, huduma ya kuweka akiba na kukopa kwa simu, imetokana na wazo lao, mahakama ikakataa kuisimamisha huduma, ila kesi ilikuwepo na wakili alilipwa.

Sababu nyingine haiongelewi sana, ni ya hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya mwenye uvumbuzi. Sheria ya Marekani inataka hataza iwataje wavumbuzi wote wa kweli. Kama injinia amesoma barua yako na kitu ulichopendekeza kikaingia ndani ya uvumbuzi, halafu jina lako halimo, mpinzani wa kampuni anaweza kukitumia hicho kuivunja hataza yote mahakamani. Kwa kampuni inayoishi kwa hataza, barua ya kurasa mbili inaweza kuchafua kazi ya miaka mitano.

Turudi kwenye lile sharti la Apple la "ukituma ni mali yetu", ambalo wengi linawaudhi kuliko yote. Inaonekana kama wanajipinga, hawalitaki halafu wanalichukua. Ile ni kinga ya pili. Ya kwanza ni kukuzuia usitume, ila wanajua watu watatuma tu, kwahiyo wanaweka masharti mapema ili ukituma isije ikasemekana kulikuwa na mkataba wa malipo au wa siri kama wa Desny. Nia yao naielewa. Ila naona wangeweza kuishia kwenye "hatutakulipa na hatutatunza siri" bila kufika kwenye kulimiliki, maana mtu wa kawaida akisoma pale anaona ananyang'anywa. Na AT&T wangeweza kumjibu yule mteja kwa mistari mitatu ya shukrani iliyoandikwa na binadamu, sheria isingevunjika popote.

Ndo maana kama una tatizo, lilalamikie kama tatizo. Malalamiko wanayapokea vizuri tu, "bando langu limekufa likiwa na GB 4 na nimeumia" inaandikwa, inahesabiwa, inafika kwenye vikao. Ukianza "nina ubunifu nataka tushirikiane" umeshaingia upande wa wanasheria. Na kama una uvumbuzi wa kweli, kifaa au njia mpya ya kufanya kitu, usiutume kwa mtu yeyote wala kuupost kabla hujauombea hataza, Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI, au ARIPO, shirika la mali bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, ukitaka nchi kadhaa kwa pamoja, kwa sababu ukishautangaza hadharani unaweza kupoteza sifa ya kuwa mpya. Kampuni kubwa pia nyingi hazitasaini makubaliano ya siri kabla ya kukusikiliza, usishangae, sababu ni hizihizi.

Wapo walioweka mlango rasmi na huko ndo pa kwenda. LEGO, wale wa midoli ya matofali ya kuunganisha, hawapokei mawazo ya barua, lakini wana LEGO Ideas iliyoanzia Japani mwaka 2008, unaweka mfano wako uliojenga, ukipata watu 10,000 wanaokuunga mkono kampuni inaukagua, na ikiutengeneza unapata asilimia 1 ya mauzo halisi. Masharti yote yameandikwa kabla hujapakia hata picha moja, yasome mpaka mwisho, hasa kile kipengele kinachosema nani anamiliki nini ukikataliwa.