Je, wajua kwa nini albamu ya zamani husikika vizuri zaidi inapotolewa upya?

Mwimbaji hakurudi studio, na baadhi ya wapiga magitaa wameshafariki. Lakini lebo ndogo ya watu wawili watatu inapoitoa upya albamu yao ya miaka ya 1970, besi iliyokuwa imefifia inasikika, na maneno yaliyomezwa na mikwaruzo yanaeleweka. Inakuwaje?

Sehemu kubwa ya jibu ni chanzo. Kila nakala inayotolewa kwenye nakala nyingine hupoteza kitu, kwa hiyo lebo makini huanza kwa kusaka mkanda wa kwanza kabisa, ule uliozunguka studio siku ya kurekodi. Ukipatikana, huenda unanata. Mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980 ina gundi inayonyonya unyevu, na hewa ya pwani kama ya Mombasa au Dar es Salaam haiuhurumii mkanda. Dawa yake inashangaza: mkanda huokwa taratibu kwenye joto la nyuzi 54 hivi za Selsiasi kwa saa nane au zaidi, kisha unanakiliwa mapema kabla haujaanza kunata tena.

Mara nyingi mkanda haupatikani kabisa, zinabaki santuri tu. Lebo ya Soundway ya Uingereza ilipotoa Kenya Special mwaka 2013, mkusanyiko wa nyimbo 32 za Afrika Mashariki, nyingi kati yake zilikuwa zimewahi kutoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika peke yake, tena chache.

Hapa ndipo ufundi unapopendeza. Sindano za zamani zimeusugua mfereji wa santuri mahali palepale kwa miaka. Fundi hujaribu sindano nyembamba kidogo au nene kidogo, ili iguse ukuta wa mfereji juu au chini ya palipolika. Tena santuri hizo nyingi ni za mono, yaani kuta zote mbili za mfereji zina muziki uleule. Ukuta mmoja ukiwa na mkwaruzo, anachukua sauti ya ule mwingine. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kufidia hatua hii ikirukwa.

Halafu kuna kasi. Mashine ikikimbia kwa asilimia 6 zaidi, wimbo mzima unapanda kwa nusu toni na sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba, si yake tena. Santuri za 78 za zama ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay, mwaka 1928, mara nyingi hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Hata makampuni makubwa yalikosea: nyimbo tatu za upande wa kwanza wa Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis ya mwaka 1959, zilisikika juu kidogo ya zilivyopigwa hadi zilipotolewa upya kutoka mkanda wa akiba mwaka 1992. Fundi hujuaje kasi ya kweli? Njia moja ni kusikiliza mvumo wa umeme ulionaswa studio bila kukusudiwa. Umeme wa Kenya na Tanzania hutetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo ukisomeka 52, mkanda unakimbia kwa asilimia 4.

Kusafisha kelele huja mwishoni, na ndiko albamu nyingi zinakoharibiwa. Mvumo mwembamba wa mkanda unakaa masafa yaleyale ya matoazi na pumzi za mwimbaji. Ukiufuta wote, vyote vinaondoka pamoja, na bendi inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Kwa maoni yangu, afadhali lebo iondoe milio ya mikwaruzo mmoja mmoja kwa mkono, iuache mvumo, na muda uliookolewa iutumie kuwatafuta wanamuziki au warithi wao, iwalipe, na majina yao yaandikwe sawasawa kwenye jalada, hadi ya mpiga tumba.