Mama aliyerudi na beseni la mtoto: namna ya kuihudumia familia iliyofiwa na kichanga

Siku ya tatu baada ya kuzika, maziwa yalianza kutoka. Mama alikuwa amekaa mkekani nyumbani kwa mama yake, upande wa Bahi, akaona khanga imelowa kifuani. Alidhani anaumwa. Alipofika kwetu siku ya tano, matiti yalikuwa yamejaa na kukakamaa, ana homa, na kifua kimefungwa khanga iliyokazwa mpaka anapumua kwa shida. Nilimuuliza kama alipotoka hospitali aliambiwa kwamba maziwa yatakuja. Akasema hapana. "Walisema niende tu nikapumzike."

Mtoto wake wa kiume, wa wiki 36, alikuwa amefia tumboni. Waliomhudumia hawakuwa watu wabaya; walimzalisha salama, damu haikumzidi, hakupata maambukizi ya kizazi. Ila kuzungumzia maziwa ni kumtaja mtoto, na naamini kila aliyekuwa zamu alikuwa anakwepa kumtaja mtoto.

Mimi ni muuguzi mkunga, na siku hizi nafundisha wanafunzi wa ukunga hapa Dodoma. Nimeliona jambo hili mara nyingi, hospitalini na majumbani. Mtoto akifa kabla ya kuzaliwa, au akiishi saa chache tu, sote tunaharakisha kumwondoa machoni na mdomoni. Tunadhani tunamlinda mama. Lakini mama alimbeba, alimsikia akicheza, mwili wake umeshatengeneza maziwa. Kwake yeye mtoto alikuwepo, na huduma yetu inabidi ianzie hapo.

Wala si jambo la watu wachache. Duniani watoto wapatao milioni 2 huzaliwa wafu kila mwaka, tukihesabu waliofikisha wiki 28 za mimba na kuendelea. Kwa hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kumaliza siku 28. Mimba zinazotoka mapema ni nyingi zaidi: kati ya 10 na 20 katika kila mimba 100 zinazojulikana. Tembea mtaa wowote wa Nkuhungu au Chang'ombe, utapita nyumba yenye msiba wa namna hii ambao haukuwekewa turubai.

Nianze na maneno, kwa sababu ndiyo yanayobaki. Wanafunzi wangu nawakataza kusema "mtoto amechoka" pale ambapo mtoto ameshafariki. Neno hilo lina kazi yake leba: linamaanisha mapigo ya moyo wa mtoto yanabadilika na inabidi kuharakisha. Lakini siku hizi tunalitumia hata kutangaza kifo, kwa kuogopa kukitaja. Mama mmoja aliniambia, "Sista aliposema mtoto amechoka, nilisema moyoni, basi apumzike, kesho atacheza tena." Alilala usiku mzima akisubiri. Asubuhi daktari alipokuja na kipimo cha utrasaundi ndipo akaelewa, na ikawa kama amefiwa mara mbili.

Neno jingine ni "kusafishwa". Mimba imetoka wiki ya 10, mama anaambiwa, "Twende tukakusafishe." Sisi tunaelewa kwamba ni kuondoa mabaki ili damu isiendelee kutoka na asipate maambukizi. Yeye anasikia kwamba kilichokuwa tumboni mwake kilikuwa uchafu. Mimi husema, "Tutaondoa kilichobaki kwenye kizazi ili damu ikate." Haichukui hata sekunde tano zaidi.

Na majumbani tuna yetu: kazi ya Mungu haina makosa, bado kijana, utapata mwingine, afadhali hukumzoea. Sina ugomvi na imani, nami ni mtu wa imani. Mama akilitamka mwenyewe neno la kazi ya Mungu, lishike naye. Usimtangulie. Na hilo la kusema utapata mwingine, naomba tuliache kabisa. Hakuna anayemwambia aliyefiwa na mume kwamba atapata mwingine siku ya mazishi.

Basi tuseme nini? Vuta kiti ukae, usisimame mlangoni. "Pole mama. Mapigo ya moyo ya mtoto hayapo tena. Mtoto wako amefariki." Halafu nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa muuguzi mwenye wagonjwa wengine kumi wanaomwita, najua, lakini dakika tano za kukaa zinasaidia kuliko nusu saa ya maelezo. Kama bibi wa familia amefika kutoka Mvumi au Mpwapwa, msalimie, hata kwa "mbukwenyi" tu ukiwa hujui Kigogo zaidi ya hapo. Mara nyingi ni yeye atakayeamua mama atendewe nini nyumbani, na akiona unamheshimu atakusikiliza unapoeleza.

Linalofuata ni la kumwona mtoto. Kwa miaka mingi tulimzungushia mama pazia, mtoto akafungwa haraka, akakabidhiwa ndugu, akazikwa na watu wazima wachache wakati mama bado yuko wodini. Wapo akina mama ambao miaka 20 baadaye wanauliza kama alikuwa na nywele nyingi. Hata hivyo kumlazimisha mama amshike nako ni kosa. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba baadhi ya akina mama waliowashika watoto wao walisumbuka zaidi baadaye. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba wengi waliowaona na kuwashika hawajutii. Kwa hiyo uamuzi ni wa wazazi, na muuguzi anauliza zaidi ya mara moja, kwa sababu anayekataa saa mbili usiku anaweza kutaka saa kumi na moja alfajiri.

Anayekubali, mwandae. Mweleze kabla hujamfunua: mwili utakuwa wa baridi, midomo imekolea rangi, ngozi inaweza kuwa imechubuka kama alifariki siku kadhaa kabla, kichwa ni laini. Kisha mfunike mtoto kwa khanga ile ile mama aliyokuja nayo, uso ubaki wazi, na mlete ukiwa umempakata mikononi kama mtoto mwingine yeyote. Muulize jina. Ukilipata, litumie.

Kuna kitu tunachofanya kisichohitaji bajeti. Wino tunaogongea muhuri kwenye barua za rufaa unatosha kuchukua alama ya nyayo za mtoto. Unapaka kidogo, unabandika unyayo kwenye karatasi nyeupe, unaandika tarehe, saa, uzito na jina, kisha unaosha mguu kwa maji ya vuguvugu. Wazazi wakikubali, karatasi ni yao. Wakisema hawataki kuibeba, iweke kwenye faili la mama, maana wengine hurudi kuiulizia. Picha nayo ipigwe kwa simu ya wazazi tu, na kwa ruhusa yao. Simu ya muuguzi ikae mfukoni.

Uliza pia dini na mila bila kubahatisha. Kwa Waislamu, mtoto aliyetimiza miezi minne tumboni kwa kawaida huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa, na suala la kumsalia familia itaongozwa na sheikh wake. Kwa Wakristo wengi ubatizo ni wa aliye hai, lakini padri au mchungaji anaweza kuitwa kuomba na familia. Ndugu wakisema kwao mtoto asiyelia hafanyiwi matanga, wasikilize. Bado unaweza kumpa mama nafasi ya kumuaga kabla hawajaondoka.

Nirudi kwenye maziwa, maana hili kila familia inaweza kulisimamia. Huanza kati ya siku ya pili na ya tano, na yanaweza kutoka hata kwa mama aliyepoteza mimba ya miezi mitano. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kubana. Aweke kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi. Matiti yakijaa mpaka yanauma, akamue kidogo tu kupunguza maumivu, asiyamalize, kwa sababu kadiri anavyokamua sana ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Parasetamoli inasaidia. Asifungwe khanga kwa kukazwa, na asinyimwe maji ya kunywa. Dawa za kukausha maziwa zipo, lakini si za kununua tu duka la dawa, hasa kwa aliyekuwa na presha au kifafa cha mimba. Akiona titi limekuwa jekundu na la moto huku ana homa, aje kituoni siku hiyo hiyo. Vilevile aje mara moja akitokwa damu nyingi, akitoa uchafu wenye harufu, au akiumwa kichwa kikali na kuona maluweluwe.

Nina picha ya baba mmoja ambayo hainitoki. Alisimama kwenye korido ameshika beseni jipya la bluu. Ndani khanga mbili, pamba, na suti ndogo ya mtoto yenye lebo ya bei. Watu walikuwa wanampita kwenda kwa mke wake. Akanishika mkono akaniuliza, "Sista, hivi vitu nivipeleke wapi?" Alikuwa ameshalipa bodaboda, ameshapiga simu kijijini, ameshatafuta wa kuchimba kaburi, na hakuna aliyekuwa amempa pole. Baba naye amefiwa. Mwiteni ndani, mpeni kiti, mpeni mtoto ampakate kama anataka. Na vile vitu, ndugu, msivifiche wala kuvigawa kabla mama hajarudi nyumbani. Muulizeni. Wapo wanaotaka viondoke, na wapo wanaotaka kuvikunja kwa mikono yao wenyewe.

Kisha linakuja swali la kwa nini, na kwa bahati mbaya majibu hutolewa haraka: alibeba ndoo ya maji, aligombana na wifi, kuna mkono wa mtu. Karibu nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo hutokana na hitilafu katika vinasaba vya mimba yenyewe, hitilafu ambayo hakuna aliyeisababisha. Kwa watoto wanaozaliwa wafu, tunayoyakuta ni shinikizo la damu, kondo la nyuma kuachia mapema, kaswende, malaria, kisukari, uchungu uliochukua muda mrefu. Zaidi ya 4 katika kila 10 ya vifo hivi duniani hutokea uchungu ukiwa umeshaanza, na vingi vingezuilika. Inanibidi niseme wazi: wakati mwingine tuliochelewa ni sisi. Vituo vyetu hukaa kikao cha kupitia vifo vya akina mama na watoto wachanga, na wazazi wana haki ya kurudi kumuuliza daktari au mkunga ni nini kilichotokea. Waelezwe kwa Kiswahili cha kawaida, wote wawili wakiwa wamekaa. Kama ni kaswende, baba naye atibiwe.

Majonzi yenyewe huja kama mawimbi. Mama anaweza kusikia mtoto akicheza tumboni wiki kadhaa baada ya kujifungua, au kuamka usiku akidhani kuna mtoto analia. Hajarukwa na akili. Lakini zikipita wiki mbili hali chakula wala halali usingizi, anajilaumu bila kupumzika, hataki kuonana na mtu, au anasema bora angekufa yeye, asiachwe peke yake na aletwe. Hapa Dodoma ukitaja ushauri wa kisaikolojia, watu wanasikia Mirembe, wanashtuka. Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili, na wanaokwenda kule wanatibiwa. Hata hivyo safari inaweza kuanzia zahanati ya jirani, kwa mkunga unayemfahamu.

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko wa likizo, yaani miezi 36, mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi aliyefiwa na mtoto angalau siku 4 zenye malipo, baba akiwemo. Wengi hawazidai kwa sababu hawajui.

Wiki ya sita mama anatakiwa kurudi kliniki. Hapo tunawapoteza wengi, na nawaelewa. Anakaa kwenye benchi katikati ya akina mama wanaonyonyesha, zamu yake ikifika muuguzi ambaye hakuwepo siku ile ananyoosha mikono: "Mlete mtoto tumpime." Tuandike kwenye kadi, ukurasa wa mbele, alama ambayo kila muuguzi wa kituo anaijua. Tumpe saa ya mchana ambapo benchi limepungua.

Na siku akirudi na mimba nyingine, kadi mpya itamuuliza: mimba ya ngapi, watoto hai wangapi. Weka kalamu chini kwanza, muulize yule wa mwanzo alimpa jina gani. Kuanzia hapo atakuja mara nyingi kuliko tarehe tulizompangia, atasema anasikia tumbo limetulia, na mara nyingi mtoto atakuwa mzima. Usimwambie ana wasiwasi mno. Mlaze, tafuta mapigo ya moyo, na kama kituo kina kile kifaa kidogo chenye spika, ongeza sauti umwachie asikilize mpaka aseme inatosha.